Bwawa la "hatari kubwa" si lazima liwe bovu, na la "hatari ndogo" si lazima liwe salama

Mwezi Mei 2024, masika yakiwa yamekolea Kenya karibu yote, Wizara ya Usalama wa Ndani ilitoa amri kwamba watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 wahame ndani ya saa 24. Simu zikaanza kulia kila mahali. Kila mtu na swali lake, ati bwawa likiwekwa kwenye ile orodha ina maana linakaribia kupasuka, ama mwenyewe alijenga vibaya, ama ni tahadhari tu ya serikali, na lile la jirani ambalo halikutajwa, lile dogo la kumwagilia maua, hilo liko sawa watu waendelee kulala? Maswali haya yanarudi kila mvua ikianza na majibu mengi yanayozunguka mitandaoni yanachanganya vitu vitatu ambavyo havifanani hata kidogo. Ngoja tuvitenganishe polepole, manake kuchanganya haya mambo kunaweza kuua watu.

Kwanza tujue tunaongelea kitu gani. Bwawa dogo la udongo ni tuta la udongo ulioshindiliwa, limekata korongo au mkondo mdogo ili maji ya mvua yajae nyuma yake. Zege ni kidogo sana, pengine hakuna kabisa. Ukipita kwenye mashamba ya kahawa, ya maua, ya chai na ya ng'ombe huko Nakuru, Laikipia, Kiambu utayakuta, mengine yalijengwa enzi za walowezi na shamba limeshabadilisha wenyewe mara kadhaa, na Tanzania wafugaji wengi wanayaita malambo. Sehemu zake si nyingi. Kuna tuta lenyewe na kilele chake pale juu ambapo watu hupita na pikipiki, kuna bomba la kutolea maji linalopita chini ya tuta, na kuna utoro, ile njia pana ya pembeni ambayo maji ya ziada yanapitia bwawa likijaa ili yasipande juu ya tuta. Ukisahau mengine yote hapa, utoro usiusahau.

Sasa udogo wenyewe. Tume ya kimataifa ya mabwawa makubwa, ICOLD, inahesabu bwawa kuwa kubwa likiwa na kimo cha mita 15 kwenda juu, au likiwa kati ya mita 5 na 15 lakini limebeba zaidi ya mita za ujazo milioni 3. Chini ya hapo yote yanahesabiwa madogo. Lakini mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, kwa hiyo bwawa la mita za ujazo 50,000, ambalo kwenye vitabu ni dogo kabisa, limeweka tani 50,000 juu ya vichwa vya watu wanaolala bondeni, na tuta la udongo likishaanza kukatika linajila lenyewe, pengo linapanuka kila dakika, na sehemu kubwa ya hayo maji inaweza kuwa imeshashuka kabla hata chifu hajapigiwa simu.

Turudi kwa vile vitu vitatu. Cha kwanza ni daraja la hatari. Hili linajibu swali moja tu: tuta hili likikatika leo usiku, nani ataumia na nini kitaharibika? Halisemi kama tuta ni zima au limeoza. Cha pili ni hali ya bwawa, yaani tuta, bomba na utoro vyenyewe vikoje leo, na hiyo inaweza kubadilika kwa msimu mmoja wa mvua. Cha tatu ni kibali, kwamba mamlaka inajua bwawa lipo, michoro ilipitishwa na injinia anayetambulika ameliangalia.

Chukua lori la petroli. Ukiliegesha katikati ya jangwa la Chalbi, halafu ukaliegesha kando ya soko la Gilgil siku ya soko, ni lori lile lile, tangi lile lile, dereva yule yule, lakini pale sokoni hatari yake imekuwa kubwa mara nyingi kwa sababu ya watu waliolizunguka. Na lile la Chalbi linaweza kuwa linavuja vibaya sana na bado lisimuue mtu. Stika ya ukaguzi iliyobandikwa kwenye kioo nayo ni habari nyingine kabisa. Basi ndivyo ilivyo: bwawa la hatari kubwa linaweza kuwa limejengwa vizuri na linatunzwa kila wiki, na bwawa la hatari ndogo linaweza kuwa linabomoka taratibu porini huko. Linalotakiwa kukunyima usingizi ni lile lenye hatari kubwa na hali mbaya kwa pamoja, na mara nyingi hilo ndilo halina kibali, kwa hiyo hata kwenye orodha halipo.

Nchi mbalimbali zinapanga haya madaraja kwa njia zake. Marekani, ambako mabwawa yaliyosajiliwa ni zaidi ya 90,000 na mengi yako mikononi mwa watu binafsi, wana madaraja matatu na kigezo ni watu. Likikatika na hakuna anayetarajiwa kufa na hasara inabaki zaidi kwa mwenye bwawa, ni hatari ndogo. Hakuna anayetarajiwa kufa lakini barabara, umeme, mazao ya wengine au mazingira vitaharibika, ni ya kati. Ikionekana mtu anaweza kufa, hata mmoja tu, hilo tayari ni hatari kubwa, na haijalishi tuta lina mita nne au arobaini. Afrika Kusini wanaanza na ukubwa, tuta likizidi mita 5 na maji yakizidi mita za ujazo 50,000 linaingia kwenye sheria ya usalama, halafu wanaongeza hesabu ya maisha, hakuna, mpaka watu 10, au zaidi ya 10, na hayo mawili kwa pamoja ndiyo yanatoa daraja. Mimi naona hiyo ina akili sana kwa sababu inakataa kuangalia tuta peke yake.

Kenya je? Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilipanga mabwawa kwa herufi. A ni hatari ndogo, kina cha maji chini ya mita 5, ujazo chini ya mita za ujazo 100,000 na eneo linaloshusha maji bwawani chini ya kilomita za mraba 100. B ni ya kati, kina cha mita 5 hadi karibu 15, ujazo wa kati ya 100,000 na milioni moja. C ni hatari kubwa, kutoka mita 15 na zaidi ya mita za ujazo milioni moja. Soma tena hizo namba utaona kitu. Kina, ujazo, eneo la maji. Jedwali lenyewe halina mahali pa kuandika kuna nyumba ngapi bondeni. Kwa hiyo bwawa la kina cha mita 4 lenye mita za ujazo 80,000 linakaa kwenye A, hatari ndogo, hata kama mita mia tano chini yake kuna shule ya msingi yenye bweni. Karatasi haijadanganya, imejibu swali lingine tu, lile la ukubwa wa bwawa, wakati mama wa pale bondeni anataka kujua kama watoto wake watafikiwa na maji.

Na hili si jambo la kufikirika. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kule Solai, Nakuru, bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba binafsi la kahawa, Bwawa la Patel, lilikatika baada ya wiki kadhaa za mvua kubwa. Maji yalishuka kwenye makazi yaliyokuwa chini yake watu wakiwa majumbani kwao na waliokufa hawakupungua 47, wakiwemo watoto wengi. Si Masinga hilo, si bwawa la umeme, ni bwawa la shamba. Baadaye mamlaka inayosimamia rasilimali za maji ilisema halikuwa na kibali. Hapo ndipo unaona vile vitu vitatu vilivyokutana usiku mmoja, watu walikuwa wanaishi bondeni chini ya bwawa lenye maji mengi, tuta halikuhimili, na kwenye vitabu vya serikali lilikuwa kama halipo.

Kuna jambo lingine ambalo wenye mashamba wengi hulipinga na naelewa kwa nini linawauma. Daraja la hatari linaweza kupanda bila mwenye bwawa kugusa hata jembe. Mzee alijenga bwawa lake 1975, chini palikuwa malisho matupu, hatari ndogo kabisa. Miaka ikaenda, ardhi ya chini ikagawanywa ploti, watu wakanunua, wakajenga, likaja kanisa, likaja soko dogo la jioni. Tuta ni lile lile la 1975 lakini sasa ni bwawa la hatari kubwa, na utoro wake ambao ulichimbwa kwa ajili ya kulinda malisho hautoshi tena, kwa sababu bwawa lenye watu chini linatakiwa lipitishe mafuriko makubwa zaidi, yale ambayo huenda yasionekane hata mara moja kwenye maisha ya mtu. Atakwambia wao ndio walinifuata mimi, na ni kweli walimfuata. Lakini maji hayaulizi nani alitangulia, na ndio maana daraja linatakiwa kupitiwa upya kila baada ya muda, na kaunti inayopitisha ploti chini ya bwawa inatakiwa kujua inachopitisha.

Hapa lazima niguse Mai Mahiu maana imechanganya watu wengi. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalifagia vijiji na kuua zaidi ya watu 50, na asubuhi habari ilikuwa moja, bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye serikali ikaeleza kwamba haikuwa bwawa, ilikuwa kalavati chini ya tuta la reli iliyozibwa na miti na mawe, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka likaachia. Wengine wakasema aha, kumbe si bwawa, basi stori imeisha. Haijaisha. Tuta lolote la udongo lililokata korongo na njia yake ya maji ikaziba limeshakuwa bwawa, liwe la reli, la barabara au la shamba, na tofauti ni kwamba hakuna aliyeliandika popote, halina utoro na hakuna mtu wa kuliangalia.

Sasa tuje kwenye hali ya bwawa, yaani tuta la udongo linakufaje. Kuna njia mbili kubwa na ndizo zinamaliza mabwawa mengi ya udongo duniani. Ya kwanza, maji kupanda juu ya kilele. Zege linaweza kuvumilia maji yakipita juu kwa muda, udongo hauwezi, maji yanachimba upande wa chini kama jembe na ndani ya saa chache tuta limekwisha. Kinachosababisha hii mara nyingi si mvua peke yake, ni utoro ulioharibiwa na binadamu. Mtu ameweka wavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke, mwingine amepanga magunia ya mchanga kwenye utoro kiangazi ili bwawa lishike maji zaidi halafu masika yakaja hajayatoa, mwingine amepitisha seng'enge ikakamata takataka, mwingine amelima mahindi humo humo. Kule Johnstown, Pennsylvania, tarehe 31 Mei 1889, bwawa la udongo la klabu binafsi ya matajiri lilikatika na watu 2,209 wakafa. Kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa ili magari ya farasi yapite vizuri, utoro ulikuwa na nyavu za kuzuia samaki, na mabomba ya kushushia maji yalikuwa yameng'olewa zamani na hayakurudishwa. Miaka zaidi ya 130 imepita na vile vinyavu bado naviona kwenye mabwawa ya huku kwetu.

Njia ya pili inaanza ndani ya tuta na haina kelele. Maji hupenya kwenye udongo, hiyo ni kawaida, hakuna tuta la udongo lililo kavu kabisa. Shida inaanza pale maji yanapopata njia na kuanza kubeba udongo, chembe kwa chembe, kijitundu kinakuwa kimfereji, kimfereji kinakuwa shimo. Mahali yanapopenda zaidi ni pembeni ya lile bomba la kutolea maji, kwa sababu udongo uliolizunguka ni vigumu kuushindilia vizuri. Sehemu nyingine ni mashimo ya fuko, ya nungunungu, mapango ya mchwa, na mizizi ya miti iliyokufa ikaoza ikaacha mirija mitupu. Watu wanaambiana pandeni miti kwenye tuta inashika udongo. Hapana. Nyasi fupi ndizo zinazofaa, zinashika udongo wa juu na zinakuwezesha kuona kama kuna unyevu au ufa. Mkaratusi uking'olewa na upepo juu ya tuta unaondoka na kipande cha tuta. Na kama miti imeshakuwa mikubwa usiende kuing'oa mwenyewe visiki na mizizi bwawa likiwa limejaa, mwite injinia, kwa sababu unaweza kufungua njia ile ile uliyokuwa unaiogopa.

Lingine linalosemwa sana ni kwamba bwawa limekaa miaka mingi halijawahi kusumbua kwa hiyo limeshathibitika. Bwawa la Lawn Lake kule Colorado lilijengwa 1903 na wakulima wa umwagiliaji, likakaa miaka 79, kisha asubuhi moja ya Julai 1982 likakatika kwa sababu ya uvujaji kwenye bomba lake na likaua watu watatu. Udongo unazeeka, chuma kinaliwa na kutu, kilele kinashuka kidogo kidogo hasa pale katikati ambapo ng'ombe wanavukia, mpaka sehemu ya chini kabisa ya kilele inakaribiana na utoro bila mtu kujua. Umri unatakiwa kukuongezea ukaguzi.

Basi mwenye bwawa au jirani anaangalia nini? Tembea kwenye mguu wa tuta, upande usio na maji, hasa mvua ikikatika. Mvujo wa maji masafi ambao haubadiliki mwaka hadi mwaka unaandikwa na kufuatiliwa, ukipima hata kwa debe na saa ya simu unajua unaongezeka au la. Maji yakianza kutoka na matope, au yakiongezeka ghafla, au ukaona chemchemi mpya inabubujika mchanga, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Ufa wa urefu kando ya kilele, au ubavu wa tuta uliovimba na kuteleza, vivyo hivyo. Na kosa kubwa ambalo watu wenye nia njema hufanya ni kuziba lile tundu la chini kwa udongo wa mfinyanzi. Ukiziba, maji yanatafuta njia nyingine na presha inapanda ndani. Kinachosaidia ni kushusha maji ya bwawa, na pale yanapotokea kuweka mchanga na kokoto ili maji yapite lakini udongo ubaki, na hiyo kazi ifanyike kwa maelekezo ya mtaalamu wakati watu wa bondeni wameshaondolewa. Watu kwanza, tuta baadaye.

Kuna wanaosema ni shamba langu, bwawa langu, kodi ni yangu. Sheria ilishalijibu hili zamani na kwa bahati kesi yenyewe ilihusu bwawa dogo la mtu binafsi. Lancashire, Uingereza, mwenye kiwanda alichimbiwa bwawa na mafundi aliowalipa, maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani yakafurika mgodi wa jirani. Mwaka 1868 katika kesi ya Rylands na Fletcher, Mabwana wa Bunge la Uingereza, ambao enzi hizo ndio walikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, wakaamua kwamba anayeleta kwenye ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka atalipa kikitoroka, hata kama yeye mwenyewe hakuzembea. Kanuni hiyo ilikuja na sheria za Kiingereza mpaka huku na mawakili wa Kenya na Tanzania wanaijua vizuri. Kwa hiyo kibali hakikuondolei mzigo, na kukosa kibali kunauongeza.

Kwa mtu anayeishi chini ya bwawa, maswali ya kupeleka baraza la chifu ni haya, na usikubali jibu la moja likafunika mengine. Je, bwawa hili limesajiliwa na liko daraja gani, na daraja hilo lilihesabu nyumba zetu au lilipima maji tu? Nani alilikagua mara ya mwisho na lini? Kuna bwawa lingine juu yake, maana la juu likikatika la chini halina nafasi? Na maji yakija yatafika wapi, yatachukua dakika ngapi, nani atatupigia simu saa nane usiku? Mwenye bwawa wa maana atakuwa na majibu, au atakaa na nyinyi myatafute pamoja na ofisi ya maji ya eneo, kwa Kenya ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kwa Tanzania ni bodi ya maji ya bonde lenu. Amua mapema na watoto wako mnapandia wapi, na pawe pembeni kwenye mwinuko ulio karibu zaidi, kwa sababu ukikimbia kufuata korongo kwenda chini maji yatakufikia, yana kasi kuliko mtu yeyote.